Nani? Mimi. Mimi nani?

Mtu aliyekulia kambi ya jeshi hasahau sauti ya sentri. Mwaka 1976, hapa Jinja, nilikuwa na miaka minane. Mama alinituma kwa jirani kuomba sukari na giza lilikuwa limeshaingia. Napita karibu na lango, nasikia: "Simama! Nani?" Nikajibu kwa sauti nyembamba, "Mimi." Kimya kidogo, halafu askari wawili wakaangua kicheko. "Mimi nani?" Nikataja cheo cha baba, jina lake na namba ya nyumba. "Haya, pita."

Mpaka leo ukibisha hodi kwa mtu, ukaulizwa nani, ukajibu "mimi" peke yake, utaachwa hapo hapo mlangoni. Kila anayebisha ni mimi. Jibu linalofungua mlango ni jingine: mtoto wa fulani, fundi bomba, mama fulani, wa nyumba ile ya bati jekundu. Nusu karne nimetembea na majibu ya namna hiyo mfukoni. Hata kitambulisho chetu cha taifa kwa Kiganda huitwa ndaga muntu, yaani nionyeshe mtu. Unatoa kadi, wanatazama picha, wanatazama uso, mtu kaonekana, unaruhusiwa kwenda.

Aliyeniharibia utaratibu huu ni mzee ninayemfanyia kazi.

Mimi ni mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Mwenye duka ni Mhindi wa Kigujarati aliyezaliwa hapa hapa Jinja. Wajukuu wake humwita Dada, ambalo kwa lugha yao ni babu mzaa baba, nami nikafuata. Siku mke wangu aliponisikia kwenye simu usiku nikisema, "Sawa Dada, nitafungua mapema Dada," ilibidi nieleze mambo mengi kwa haraka. Kiswahili cha Dada ni kile cha madukani, kila kitu "iko". Gari iko, saruji iko, wewe iko, mimi iko. Zamani nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, Dada alikuwa kijana wa miaka 24, mtoto wa mwenye duka ambaye kila mtu mtaani alimjua. Walitua Uingereza, wakaishia Leicester, akapata kazi ya kubeba maboksi katika kiwanda cha soksi. Siku moja msimamizi alimkaripia, naye kwa hasira akauliza: unajua mimi ni mtoto wa nani? Msimamizi akajibu kwamba hajui, na boksi bado liko chini. Akisimulia hapo Dada hucheka mpaka miwani inamteleza. Anasema swali lilimwingia pale pale, ameinama juu ya soksi: yule mtoto wa duka amebaki Uganda na duka lenyewe limechukuliwa, sasa huyu anayeona aibu hapa ni nani?

Mimi nilimficha kwa miaka sita kwamba mwaka ule baba yangu alikuwa amevaa sare. Nilipomwambia alinyamaza, akauliza kambi gani, nikamjibu, akaagiza chai. Hatujalirudia.

Ofisi yake iko nyuma, unapita kati ya mabati na mifuko ya saruji. Ukutani kuna Ganesha mwenye kichwa cha tembo, Lakshmi na sarafu zake, kalenda ya rangi za ukuta, na picha ya mzee mwembamba asiye na shati, nywele nyeupe zimekatwa fupi, anakutazama kama mtu aliyemaliza shughuli zote. Miaka ya kwanza nilidhani ni baba yake mzazi. Kumbe ni Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho, Mtamil wa India ya kusini, aliyefariki mwaka 1950.

Habari yake nimesimuliwa mara nyingi kuliko habari za ndugu zangu. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, peke yake katika chumba cha juu nyumbani kwa ami yake mjini Madurai, hofu ya kifo ilimvamia ghafla, na wala hakuwa mgonjwa. Hakuita mtu. Alijilaza chini, akanyoosha mikono na miguu, akabana midomo, akawa kama maiti. Akajisemea: haya, mwili umekufa, utabebwa, utachomwa, utakuwa majivu. Je, na mimi nimekufa? Akaona kuna kitu kinachoujua mwili uliolala pale, na kitu hicho hakikuguswa. Majuma machache baadaye aliondoka nyumbani akaenda Tiruvannamalai, kwenye mlima uitwao Arunachala, akakaa hapo hadi mwisho wa uhai wake. Watu walipomwendea na shida zao, mara nyingi aliwarudishia swali moja kwa Kitamil: Nan yar? Mimi nani?

Niliposikia mara ya kwanza nilimkumbuka sentri. Nikamwambia Dada, hilo swali kwetu huulizwa na mwenye bunduki. Na kweli, kwa Uganda hii maneno hayo yana sifa mbaya. "Wewe nani hapa?" ni ugomvi. "Unajua mimi nani?" ni mkubwa aliyeshushwa kioo cha gari na trafiki. Dada akasema ndiyo, maneno ni yale yale, ila mkubwa yule hasubiri jibu.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya niandike haya.

Mwaka juzi, katikati ya Ramadhani, nondo 14 za milimita 12 hazikuonekana kwenye hesabu. Mjukuu mkubwa wa Dada, kijana aliyetoka masomoni ng'ambo na kompyuta yake, alisimama mbele ya wateja, mbele ya taniboi, mbele ya mama anayeuza chapati pale nje, akaniambia: wewe mwizi. Nchini mwetu Kiswahili chenyewe kiliwahi kuitwa lugha ya askari na wezi, na mimi ni mtoto wa askari. Neno lile lilikuta njia imeshafyekwa. Sikujibu kitu. Nilikuwa nimefunga, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Siku ya pili nondo zikapatikana kwenye leja. Zilikuwa zimepakiwa kwenye lori la Iganga na kuandikwa ukurasa wa mteja mwingine, tena kwa mwandiko wa kijana mwenyewe. Akasema "sawa", akarudi kwenye simu yake.

Nikaenda kwa Dada. Nikamweleza jinsi nilivyoumia. Akanisikiliza hadi mwisho, akainua macho kwenye ile picha, akauliza taratibu: "Nani iko naumia?"

Nitasema kweli, nilitamani kumrushia kikombe. Swali kama hilo likitoka kwa tajiri kwenda kwa mfanyakazi wake linanuka. Ni sawa na mtu akukanyage, kisha akuulize kama huo mguu una hakika ni wako. Nimesikia watu wengi wakisifu falsafa hii ya kwamba "mimi" ni kiini macho, na nimeona wanaopenda kuisema kwa wenzao ndio wenye nafasi kubwa zaidi kwenye kiti. Nikamwambia, "Dada, swali zuri. Lakini kwanza mjukuu wako aniombe radhi, mbele ya wale wale aliowaita kusikia."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu. Halafu akamwita kijana. Sijui walisema nini kwa Kigujarati, ila kijana alitoka masikio yamewiva, akasimama kwenye kaunta, wateja wapo, taniboi yupo, mama wa chapati nikamwita mimi mwenyewe. "Samahani mzee wangu, nilikosea, kosa lilikuwa langu." Nikapokea mkono wake.

Dada akaniambia, "Deni iko kwisha. Sasa uliza."

Alinieleza jambo ambalo laiti angeanza nalo. Wenye njia hii, inayoitwa Adwaita, maana yake "isiyo mbili", wanatenga kweli ya sokoni na kweli ya mwisho. Sokoni wewe ni wewe, mimi ni mimi, mshahara ni mshahara na mwizi ni mwizi. Shankara, mwanazuoni mkubwa wa njia hii, aliyezaliwa Kaladi kule Kerala na kuishi karibu na karne ya 8, hakufuta kweli ya sokoni hata siku moja. Alisema tu kwamba ukiichunguza hadi chini utakuta haijisimamii yenyewe. Mwenye kuchukua kweli ya mwisho akakwepea deni la sokoni, alisema Dada, ama ni mjinga ama ni tapeli.

Ila kilichonishangaza hakikuwa mafundisho. Radhi nimeombwa, tena hadharani, tena vizuri. Usiku nikalala chali, na maumivu yapo pale pale.

Nilikuwa nimejipa hakika kwamba yanatoka kwa kijana. Kijana kalipa, sasa bado yanadai nini? Hapo ndipo swali lilipokuwa langu. Mke wangu amelala, mbu mmoja nje ya chandarua, mbwa wa jirani. Nikauliza: nani anaumia?

Si mwili, hakuna aliyenigusa. Jina? Jina langu ni la afisa aliyekuwa mkubwa wa baba. Nilipewa ili afisa afurahi, kwa hiyo hata hilo ni la kuazima. Mtunza stoo? Kuna siku nitakabidhi funguo, mwingine ataitwa mtunza stoo, nami nitakuwa bado nipo. Mtoto wa sajenti? Sajenti yuko kaburini tangu mwaka 1991. Kila nililoshika nikakuta ni kitu ninachokiona, na anayekiona yuko upande huu mwingine. Katika Upanishadi, yaani maandiko ya kale ya Kihindu, iitwayo Brihadaranyaka kuna mwalimu, Yajnavalkya, aliyelitaja hilo kwa maneno mawili, neti neti, siyo hivi, siyo hivi. Huyo huyo alimuuliza mkewe Maitreyi: yule anayejua kila kitu, ajulikane kwa kutumia nini? Jicho huona chumba kizima lakini halijioni.

Kiswahili chetu kilinisaidia usiku ule kuliko Kisanskriti. Tazama tunavyosema: hasira zimenipanda, usingizi umenichukua, njaa inaniuma, kichwa kinanigonga. Hasira ndizo zinazotenda. Mimi ni hiyo "ni" ndogo iliyobanwa katikati ya neno, kama abiria wa kati kwenye bodaboda. Wala si abiria: ni mimi ninayepandwa. Basi nikasema, hizi hasira nimeziona vizuri, nazijua hadi harufu. Aliyepandwa yuko wapi? Nikatafuta. Kila nilipomfuata nilikuta hadithi inayosimuliwa: mimi, miaka yote hii, mbele ya mama wa chapati, mtoto mdogo yule. Hadithi ikinyamaza kidogo, maumivu yanakosa pa kukaa. Ikianza tena, yanarudi na viatu vyao.

Sikuona nuru yoyote. Nililala usingizi wa pono, na asubuhi nikamwambia mke wangu, "Nimelala vizuri." Dada alilidaka hilo. Kuna Upanishadi fupi, Mandukya, ina mafungu 12 tu, na inauliza juu ya jambo hili hili: ukiwa macho kuna "mimi", ukiota kuna "mimi" mwingine anayekimbizwa na ng'ombe, lakini katika usingizi mzito hakuna mtunza stoo, hakuna mwizi, hakuna mwenye kuombwa radhi. Na bado ukiamka unajua ulilala vizuri. Wenyewe wanasema kuna cha nne, ambacho hizo hali tatu zinapita mbele yake nacho hakipiti. Hicho ndicho wanachokiita atma. Huyo "mimi" anayejengwa kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki wanamwita ahankara. Aham ni mimi, kara ni kutenda au kutengeneza. Kitengeneza-mimi.

Mfano wao maarufu ni wa kamba gizani inayodhaniwa kuwa nyoka. Mimi sihitaji kuuazima, ulishanipata stoo. Umeme umekatika, naingia kuchukua misumari, naona nyoka mweusi amejikunja kwenye kona. Moyo ulidunda kweli, jasho lilikuwa jasho la kweli. Taniboi akaja na tochi: mpira wa maji, wa nusu inchi, mita 30. Jambo la kuangalia hapo ni kwamba hakuna aliyemfukuza nyoka. Hakuuawa na hakuondoka, kwa sababu hakuwa amekuja. Nimekaa misikitini na makanisani, msibani na harusini, nikasikia watu wa dini zote wakihimizana kuiua nafsi, kuivunja nafsi. Hawa wanasema lete tochi. Ukichukua rungu utapiga mpira wa maji mpaka upasuke, na kesho huna cha kumuuzia mteja.

Nisipitishe chumvi. Katika Chandogya, Upanishadi nyingine, baba aitwaye Uddalaka ana mwanawe, Shvetaketu, aliyerudi kutoka masomo ya miaka 12 amevimba kichwa (nilimfikiria kijana fulani). Baba anamwambia atie chumvi katika maji, aje asubuhi. Asubuhi anamwambia, nipe ile chumvi. Haionekani. Onja juu: chumvi. Onja katikati: chumvi. Onja chini: chumvi. Basi, anamwambia, kilicho hicho chembamba kisichoonekana ndicho kilichoenea kote, na wewe, Shvetaketu, ndicho hicho. Tat tvam asi. Anamrudia maneno hayo mara tisa katika sura moja, kwa mifano tofauti. Nilitaka kuijaribu kwa mikono yangu, nikatia chumvi ya Katwe kwenye jagi la ofisini, nikaliacha usiku kucha. Nilichelewa kufika. Msichana wa chai alikuwa ameshachemsha, na wa kwanza kuonja alikuwa Dada. Alimeza, akaweka kikombe chini. "Juu iko chumvi," akasema. "Chini sijafika."

Mimi ni Mwislamu, na sikuandika haya kutangaza kwamba nimehama. Dada akifika kwenye sentensi ya kwamba atma na Brahman, yaani huyo aliye ndani na Ukweli wote, si viwili, hapo mimi naweka breki. Kwetu mja ni mja na Mola ni Mola. Wala asidhani mtu kwamba Wahindu wote wako upande wa Dada. Ramanuja na Madhva, waliokuja baada ya Shankara, walimpinga vikali. Nyumbani kwa Dada kwenyewe hawakubaliani: wanawe na wajukuu wake wakienda Kampala huingia hekalu la Swaminarayan, ambako mcha Mungu na Mungu hawageuki kuwa kitu kimoja milele. Jumapili wanabishana mezani mpaka chapati zinapoa. Nilimwambia Dada kwamba mjukuu wake katika jambo hilo yuko karibu na mimi kuliko na yeye, akafurahi mno, sijui kwa nini.

Lakini sehemu ile ya kutafuta anayeumia naichukua bila breki. Ile haikuniomba niamini kitu. Iliniomba niangalie.

Mwezi uliopita mgeni kutoka Arua, binamu yangu, alitaka kuona chanzo cha Nile. Tukashuka bustanini, tukapita sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilitawanywa hapa mwaka 1948, tukakodi mashua. Kijana wa mashua alikuwa na maneno yake ya kila siku: hapa nyuma yenu ni ziwa, hapa mbele ni mto, karibuni Nile. Binamu akachovya mkono upande huu, akachovya upande ule. "Mbona ni yale yale?" Kijana akacheka, akasema mpaka uko kwenye kibao. Wasoga wanauita mto Kiyira. Wazungu wakauita Victoria Nile, ukipita Ziwa Albert ukawa Albert Nile, ukivuka Nimule kuingia Sudan Kusini ukawa Bahr el Jebel, na hapo safari bado. Uddalaka alimwambia mwanawe kwamba mito ikifika baharini haijui tena "mimi ni mto fulani". Hapa Jinja tunaishi upande wa pili wa habari hiyo, pale maji yanapopewa jina. Niliinama nikayatazama kwenye kibao na baada ya kibao. Hayakupunguza mwendo ili yasome.

Dada sasa yuko Leicester kwa binti yake, anatibiwa moyo. Duka lina mjukuu, na tunaelewana. Sasa ananiita mzee wangu hata tusipokuwa na wateja. Juma lililopita niliomba simu ya dukani nimjulie hali. Ikaita sana.

"Nani?" Sauti imekuwa nyembamba.

"Mimi, Dada."

Kimya. Nikadhani laini imekatika. Halafu nikasikia ile pumzi ya mtu anayezuia kicheko kwa sababu kifua kinauma.

"Mimi iko nani?"

Sikupata jibu la haraka, na kilikuwa kimya kirefu cha simu ya ng'ambo, kila dakika inalipiwa. Mwisho akakohoa, akauliza nondo za milimita 12 sasa ni bei gani. Nikamtajia. Akasema iko ghali.